Vyeti vya Kilindini na Karanga za Mama Nabwire

Wenzangu, leo sina uso. Msiniulize mchana nimekula nini. Nimekula aibu, tena nimeshiba.

Kazi yangu hapa Tororo mnaijua: karani wa ngozi. Gari la moshi likipeleka ngozi zetu bandarini Kilindini, Mombasa, watu wa forodha kule wanatakiwa waturudishie cheti kwamba zimepakiwa melini, zimeondoka. Cheti kisipokuja, Serikali inasema tumeziuza kwa magendo. Na vyeti vya mabehewa manne havikuja. Miezi mitatu! Naandika, kimya. Naandika tena, kimya. Juzi wakaniletea bahasha, nikaifungua mbio mbio. Ndani mna nini? Fomu za zamani za sukari, zimepigwa mistari ya wino mwekundu. Sukari! Sisi tunauza ngozi!

Hasira ikanipanda. Nikachukua fomu kuukuu ya pamba, nikaigeuza (karatasi hakuna, vita hivi vimekula mpaka karatasi), nikawaandikia nyuma yake barua yenye pilipili. Takataka zao nikampa Mama Nabwire, anayeuza karanga langoni kwetu, afungie.

Leo akaja bwana wa forodha kutoka Malaba. Mzungu mrefu, hacheki. "Treni ya saa tisa ikiondoka sijaona vyeti vinne, leseni ya ngozi nafunga."

Tajiri wetu hakupiga kelele. Heri angepiga. "Okoth," akaniambia polepole, "leseni ikifungwa, wewe unarudi kwenu kulima mtama. Na wale wanaowamba ngozi uani, utawaaga wewe, kwa mdomo wako."

Jamani, niliwaka! Nikatoka uani, nikasimama juu ya sanduku, nikawahutubia wote. "Watu wa Kilindini ni wavivu! Wanashinda kivulini wakinywa madafu, sisi huku tunapoteza kazi! Hivi hawana macho?" (Macho. Nilisema macho. Mimi.)

"Wape, karani! Wape!" wawamba ngozi wakanishangilia. Nami kichwa kikavimba, nikazidi.

Yule bwana alikuwa amejinunulia karanga langoni, anatafuna taratibu, anaitazama karatasi yake. Akaigeuza. Akaacha kutafuna.

"Karani. Behewa ya ngozi, mia mbili kumi na nne. Ni yenu?"

"Ndiyo, bwana! Ni moja katika yale manne!"

"Basi cheti yake ni hii. Nakula karanga yake."

Nikaipokea. Upande mmoja fomu ya sukari, wino mwekundu. Upande wa pili mhuri wa Kilindini, sahihi, jina la meli: ngozi zimepakiwa. Kumbe na wao hawana karatasi! Wanaandika nyuma, kama mimi! Na mimi, karani wa miaka tisa, sikugeuza hata moja. Mtu mmoja uani akaguna, na vicheko vikalipuka.

Nikamrukia Mama Nabwire. "Mbona hukuniambia?"

"Ee! Karani, mimi najua kusoma? Wewe nasoma, wewe nanipa, wewe nasema chukua uchafu ya Mombasa. Sasa nanifokea nini?"

(Hana kosa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.)

Nikamwaga karanga zake zote ndani ya kofia yangu. Vyeti viwili vikatoka. Na cha nne?

"Hiyo nauza asubuhi. Kwa mama moja ya Mulanda, mrefu, nabeba kuku nyeupe. Nakwenda soko."

Lo! Mke wangu alikuwa ameniambia alfajiri: leo usipite sokoni, mama anatoka Mulanda kuja kuuza kuku wake mweupe. Ni mama mkwe wangu! Na kwetu mnajua. Mkwe humsogelei, humpi mkono, ukimwona njiani unaingia kichakani. Lakini saa nane ilikwisha kupita.

Nikakimbia sokoni. Aliponiona, akafanya kama afanyavyo mama mwenye heshima zake: akajifunika uso, akatoka mbio. Mimi nyuma! Akapita kwa wauza samaki, mimi nyuma! "Mama, samahani! Karatasi tu! Karanga ule!"

Soko zima likasimama.

"Karani anamkimbiza mkwewe!"

"Amelewa?"

"Saa hizi?"

Kuku akaponyoka, akapotelea huko. Mama akajibanza nyuma ya magunia ya mihogo mikavu. Nami nikampa mgongo (ndiyo adabu pekee iliyokuwa imenibakia), nikamwomba mkwe wangu karatasi ya karanga kwa sauti, mbele ya Tororo nzima. Yule bwana wa forodha asiyecheka alikuwa amefika na tajiri, na ameshika mbavu.

Kisha karatasi iliyokunjamana ikarushwa juu ya magunia, ikanigonga kisogoni.

Mhuri ulikuwepo. Treni ikaondoka, leseni ikabaki, na kazi yangu nayo. Wale wawamba ngozi niliowatetea mpaka sauti ikakauka, sasa kila nikipita wananionyesha viganja, mbele, halafu nyuma. Hawana shukrani wale!

Nimerudi nyumbani nimekuta barua ya shemeji. Inasema kosa la kumkimbiza mkwe halifutwi kwa samahani, linafutwa kwa mbuzi. Sawa, mbuzi nitapeleka. Nikaikunja, nikataka kuitupa. Halafu nikajiambia, Okoth, leo umefunzwa. Nikaigeuza.

Nyuma ameandika: "Na kuku."