Rungu la Babu na Pacha Wake

Jumatatu, 4 Machi
Bwana Haldane anakuja Jumamosi! Yule Mzungu wa New Zealand anayekusanya vitu vya kale. Nitamuuzia rungu la vita la babu. Atalipiga picha, atalichapa katika kitabu chake, na chini yake litakaa jina langu: Uaisele. Jirani yangu Kalafi ana bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, katika kitabu kilichotangulia. Tangu hapo hukibeba kanisani juu ya Biblia. Jana aliniuliza kama nimeuona ule ukurasa. Nimeuona. Nauona kila Jumapili.

Tatizo: Jumamosi hiyohiyo binti yetu anatimiza mwaka mmoja, na Shangazi Toakase anakuja kwa meli kutoka kisiwa cha Vavaʻu. Kwa mila yetu, shangazi hanyimwi kitu na mtoto wa kaka yake. Akitamka tu "kizuri hicho", anza kukifunga kamba. Mwaka juzi alisifu jiko letu la gesi. Hadi leo tunapikia kuni.

Mpango: nitachonga rungu la pili na kulitundika ukutani. La babu nitalificha katika banda la viazi vikuu. Shangazi asifu, achukue, aende salama.

Jumatano, 6 Machi
Kazi imekwisha. Mti wa mvinje, mgumu kama chuma. Nakshi nimezichora kwa jino la papa kama wazee, maana msumari huacha mistari iliyonyooka mno. Nimelifukiza moshi, nimelipaka mafuta ya nazi, nimelifukia kwenye tope. Mke wangu Lupe aliniuliza tunamzika nani. Nikamjibu kwamba huu ni utaalamu. Akasema basi utaalamu huo ungeanza kwa kurudisha jiko.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nguruwe wa Kalafi wamelifukua na kuutafuna mpini. Nilikaribia kulia. Kisha nikalitazama vizuri. Meno yao yameliongezea miaka mia! Nimewatupia muhogo.

Jumamosi, 9 Machi
Shangazi hakuwa hata amevua ndala. "Zuri hilo, mwanangu! Si la baba yangu lile?" Nikainamisha kichwa. Nikahema kama mtu anayeng'olewa jino. Nikalishusha, nikamfungia katika kitambaa. Ushindi!

Ushindi wa saa moja. Haldane alifika katikati ya karamu. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya wote, kama inavyompasa shangazi, na mapajani ana ghorofa ya juu ya keki, fungu lake. Akamwita. Akafungua kitambaa. Akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba hili ni rungu la marehemu baba yake, na kwa kuwa Mzungu ametoka mbali, alichukue alichape, aandike chini: Toakase.

Haldane alitoa kioo chake cha kukuzia. Akapiga magoti mbele ya rungu. Akasema hajawahi kushika la kale kama hili, na tuone panya wa zama zile walivyoutafuna mpini.

Ningesema nini? Kwamba nimempa shangazi yangu kitu cha bandia, siku ya karamu, ukoo ukiwa umekaa? Ningehamia Fiji jioni hiyohiyo.

Nilikimbia bandani, nikaleta la babu. Nikamwambia Haldane kwamba yalikuwa mapacha. Akaligeuza, akanirudishia kwa upole. Mwigo mzuri, alisema, lakini mpini ni mzima mno. Kalafi alicheka mpaka akapaliwa na nyama ya kamba wa baharini.

Shangazi akanipigapiga begani. "Kumbe mwanangu unachonga! Zuri hili. Nitapondea mizizi ya kava."

Ameondoka nalo, rungu halisi la babu.

Jumapili, 10 Machi
Leo ni siku ya ibada, kwetu hata kunoa kisu ni marufuku. Nilikaa kanisani nikifikiri kwa utulivu. Kosa nimeliona: nilichonga moja tu. Shangazi mmoja, Mzungu mmoja. Hesabu ilitaka mawili. Haldane yupo hadi mwisho wa wiki.

Lupe anasema kwamba, kama rungu nililolichonga mimi limempigisha mtu huyo magoti, basi nichonge jingine, nilitie jina langu, nimwambie wazi ni kazi yangu. Maskini Lupe. Hana kabisa akili ya biashara. Nani atachapa kitabuni rungu lililochongwa na Uaisele?

Kesho alfajiri naanza kuchonga mawili ya kale.