Siku Kinong'ono Aliponyoosha Mkono

Tulieni, enyi mliokaa na enyi mnaopita, punguzeni redio, mwambieni mtoto aache kuburuta kiti, maana leo inasimuliwa habari ya vita ambavyo havikumwaga damu, vilimwaga chaki tu. Vilipiganwa kwenye darasa la mwisho la korido, kipindi cha fasihi baada ya mapumziko, jua likiwa limeegemea dirisha kama jirani mmbeya asiyetaka kupitwa. Nawe kalamu yangu, usinikaukie njiani, kwa kuwa ninayemtaja si mtu mdogo.

Namtaja Kinong'ono, binti wa mshona mapazia, mla kurasa, mlinzi wa dawati la dirishani, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba majina yakiitwa aliitika "nipo" na bado akaandikwa hayupo. Wala hakulalamika. Kulalamika nako kunataka sauti.

Basi darasa zima lilikuwa limepewa hadithi moja ya vijana, yenye jalada la njano, iliyomhusu binti wa fundi viatu. Binti huyo alimwona mtu aliyevunja kioo cha maktaba. Lakini mkuu wa shule alipowasimamisha wote mstarini, akauliza nani ameona na akawapa dakika moja ya kujibu, binti alinyamaza, na rafiki yake kipenzi, aliyeshukiwa bila kosa lolote, akafukuzwa shule. Kinong'ono alikisoma kitabu hicho amesimama jikoni, mwiko mkono mmoja. Alipofika kwenye dakika ile alilia mpaka herufi zikaogelea, na chakula kikashika chini.

"Nani amekufa?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Hakuna, mama. Ni kitabu."

"Haya, kipe pole. Ukimaliza, uipe pole na sufuria yangu."

Ikawadia siku ya vita. Mwalimu wa fasihi, mshika chaki, hakimu wa vipindi viwili mfululizo, aliukata ubao kwa mstari mmoja wa kusimama, upande huu akaandika SHUJAA, upande ule MWOGA.

"Binti wa fundi viatu tumweke wapi?" akauliza. "Na sitaki mnisomee yaliyoandikwa nyuma ya jalada. Nataka yaliyowapata nyinyi wenyewe mlipokuwa mnasoma."

Akainuka Wakili, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kushindwa hoja, hata siku alizoshindwa. Akajifunga kifungo cha shati, akalitazama darasa kama shamba lake.

"Mwalimu, na nyinyi ndugu zangu wa mbele, na hata nyinyi wa nyuma mnaosinzia. Mimi nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa hasira. Mtu ana mdomo, ana ulimi, meno yote yamo, halafu mwenzake anazama yeye anaangalia viatu. Huyo ni mwoga, na mwoga hastahili rafiki. Nimemaliza, ila nikiombwa naweza kuendelea."

Meza zikapigwa. Mwalimu akaandika "binti wa fundi viatu" chini ya MWOGA, akaanza kukusanya vitu vyake. "Kuna mwenye neno? Kama hakuna, nafunga."

Chaki ile ilimpita Kinong'ono uti wa mgongo. Alijua yeye jinsi maneno yanavyojipanga shingoni, yameoga, yamevaa hadi viatu, na mlango usifunguke. Na aliona wazi kwamba kama hatatokea mtu, binti wa watu atabaki kwenye upande ule wa ubao mpaka mwisho wa dunia, au mpaka kipindi cha hesabu, chochote kitakachotangulia.

Ndipo akauita mkono wake wa kulia. Mkono ukajibu kwamba una kazi, umeshika rula. Akauamuru tena, kwa jina la haki na la vitabu vyote alivyowahi kuvililia. Vidole vikaasi, kiwiko kikajichimbia dawatini, na moyo, ambao ndio ulipaswa kuwa ngoma ya vita, ukapiga ovyo ovyo kama ngoma iliyoangukiwa na paka.

"Mbona unatikisa meza?" akauliza jirani yake, Kiberiti, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ugomvi wowote lazima auwashe yeye. "Unaumwa?"

"Nataka kusema."

"Sasa unaniambia mimi ya nini? Mwambie mwalimu."

"Nisindikize."

"Mdomoni mwako nitaingiaje, dada? Nyoosha mkono."

Mkono ukapanda. Ulipofika usawa wa sikio ukaona watu wawili wamegeuka, ukajifanya ulikuja kulikuna sikio, ukarudi kambini kwa aibu. Ukapanda tena, huu mkono wa kihistoria, ukapita sikio, ukapita nywele, ukasimama hewani unapepea kama bendera ya nchi changa. Na mwalimu alikuwa ameshawapa mgongo! Hapo Kiberiti akakohoa, kikohozi kikubwa kisichotoka kwenye mapafu bali kwenye urafiki, na mwalimu akageuka.

"Naam, binti. Unataka kwenda nje?"

Ah, wasikilizaji wangu, hapo ndipo majemadari wengi wameangukia. Mlango ulikuwa wazi. Neno lilikuwa moja tu, ndiyo, na korido nzima ingekuwa yake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Hakuwa mwoga."

"Rudia. Huku mbele haijafika."

Yaani alishaupanda mlima, sasa anaambiwa ashuke aupande upya. Akaupanda.

"Hakuwa mwoga. Alitaka kusema. Sauti ndiyo haikuja."

Darasa likageuka lote, viti vikalia. Wakili akainuka taratibu, kama mtu anayechagua mshale.

"Namheshimu sana mwenzangu. Ila anijibu hili. Yeye mwenyewe haongei, tunajuana humu. Na leo ameongea. Kumbe ukitaka, unaweza. Sasa yule binti alishindwa nini?"

Kiberiti akamwangalia Kinong'ono. Kila mtu akamwangalia Kinong'ono.

"Mimi nimekuwa na kipindi kizima," akasema Kinong'ono, na safari hii ikafika mbele. "Na nina Kiberiti wa kunikoholea. Yeye walimpa dakika moja, na mtu wa kumkoholea ndiye aliyekuwa anafukuzwa."

Wakili akakaa. Akasema, na mashahidi wapo wanaoweza kuapa, "Hilo sikuliwaza."

Mwalimu akachukua kifutio, akamfuta binti wa fundi viatu kutoka chini ya MWOGA, akamwandika upya juu ya mstari wenyewe, katikati, herufi nusu huku na nusu kule. Alihama shibiri moja tu. Lakini kuna falme zilizosogezewa mipaka kwa mizinga na majeshi, na haikusogezwa kwa haki kama ile shibiri.

Basi iandikwe hivyo, na watakaokuja wasome. Kengele ikalia, watu wakatoka, na mwalimu, akipita karibu na dirisha, akasimama.

"Mwanangu," akasema, "sasa unaweza kuushusha."

Kinong'ono akatazama juu. Mkono ulikuwa bado uko kule kule, umenyooka, haukuwa na habari kwamba vita vimekwisha.