Magoti Yangu na Pikipiki Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amekubali. Pikipiki itanunuliwa. Sharti lake ni moja: iwe na nafasi nzuri nyuma, nimpeleke kazini zahanati kila asubuhi. Nimesema ndiyo haraka, kabla hajaongeza la pili.

Nimepita dukani. Zimebaki pikipiki mbili. Nyekundu, imeinama mbele kama chui anayenyatia. Na ya kijivu: kiti kiko juu, usukani umeinuliwa, vikanyagio vimeshuka. Mama mwenye duka amenitazama kuanzia viatu hadi kichwa, safari ndefu, akasema ya kijivu ndiyo yangu, maana miguu ya mtu mrefu inahitaji pa kukaa. Nimemwambia ile ni ya wastaafu. Akasema basi nijaribu nyekundu. Nimekaa. Magoti yamegonga usukani. Nimemwambia nimestarehe kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, naye anaitaka nyekundu. Mtaani wanamwita Nukta, kwa sababu ya kimo chake. Mimi wananiita Antena. Tukisimama pamoja watu hutoa simu wapige picha.

Nimemvuta kando. Nikamwambia, kwa uchungu wa ndugu, kwamba injini za zile nyekundu huchemka na kumchoma mtu mapajani, na mfupi ndiye huungua zaidi kwa kuwa yuko karibu na moto. Hata mimi sijaelewa nilichosema. Lakini yeye amenishika mkono na kunishukuru. Dhamiri imenichoma kidogo. Imepita.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Nyekundu ni yangu. Mama mwenye duka ameniuliza tena kama nina hakika, kisha akanisaidia kukunja mguu wa kulia. Nukta amechukua ya kijivu. Ameondoka ananing'inia, vidole vya miguu vinatafuta ardhi.

Nyumbani mke wangu amekizunguka kiti cha nyuma. Ameuliza kama ni kiti au ni kifuniko cha kitu fulani. Nimemjibu kwamba ni cha kisasa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleka zahanati. Kila nikishika breki, yeye ananiangukia mgongoni, mimi naliangukia tangi. Magoti yako masikioni. Kukata kona ya kushoto haiwezekani, goti linazuia usukani, kwa hiyo tumekwenda kwa kona za kulia pekee. Tumefika. Tumeona mitaa ambayo sikujua kama ipo.

Wagonjwa waliokaa nje wamenitazama nikishuka. Bibi mmoja mwenye mkongojo ameinuka akaniachia nafasi kwenye benchi. Mke wangu amesema kuanzia sasa atatembea kwa miguu. Nadhani ni hasira tu. Itapoa.

Jumatatu, 10 Machi

Haijapoa.

Kazini pia mambo mabaya. Mimi ni fundi mapazia, na sifa yangu inayoniletea wateja ni moja: sihitaji ngazi. Leo ilikuwa ukumbi wa shule, madirisha makubwa, mwalimu mkuu amesimama anatazama. Nimeinua mikono. Mgongo umekataa. Umebaki na umbo la pikipiki.

Mwalimu mkuu ameuliza kama nimeangusha kitu. Nimesema nakagua sakafu. Nimeikagua asubuhi nzima, mpaka akamtuma mlinzi alete ngazi. Nikashindwa kuipanda. Amesema, kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi, kwamba kama mapazia hayatakuwa juu kufikia Ijumaa, atamwita yule fundi wa barabara ya pili. Yule ni mfupi. Ana ngazi yake mwenyewe, na huisifia mbele za watu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya aibu. Naandika nimelalia tumbo.

Nimemkuta Nukta kwenye taa za barabarani. Taa zikawa nyekundu, akasimama, mguu ukatafuta lami ukaikosa. Akaanguka taratibu, kama gunia linaloegemea ukuta ambao haupo. Nimesogea kumsaidia. Sikuweza kushuka. Yeye amelala chini, mimi nimekunjwa juu. Ameniuliza, bado yuko chini, kama mapaja yangu yanaungua. Nimesema hata kidogo, raha tupu. Naye akasema yake ni raha vilevile.

Hapo ndipo mke wangu akatokea, anarudi kutoka kazini kwa miguu, viatu mkononi. Akamuuliza kaka yake ni nani aliyemshauri kununua kitu kirefu namna ile.

“Ni shemeji,” Nukta akasema. “Alinionea huruma. Aliniambia nyekundu ingeniunguza.”

Mke wangu akanigeukia. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

“Shuka,” akasema. “Wewe utachukua yake, yeye atachukua yako. Na kama huwezi kushuka, sema.”

Nikasema naweza. Wakanisubiri. Magari yalipiga honi, taa zikabadilika, zikabadilika tena.

“Nisaidieni,” nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Ya kijivu, jamani. Miguu imenyooka, mabega yamepumzika, naona mbali mpaka mwisho wa barabara. Mke wangu amekaa nyuma ananisimulia habari za wagonjwa, akasahau kabisa kwamba hatuongei. Mgongo umefunguka. Mapazia yote ya ukumbi yako juu. Mwalimu mkuu amenipa na kazi ya maktaba.

Nimekwenda kumwomba Nukta radhi. Amenisamehe papo hapo. Akaongeza, kwa upole, kwamba nyekundu haichomi hata kidogo, labda mapaja yangu tu ndiyo laini. Amepanda akaondoka, amelala juu ya tangi, anapendeza mno. Wasichana wa saluni wametoka nje kumtazama.

Jumapili, 16 Machi

Nimepita dukani kununua oili tu. Mama mwenye duka aliponiona ameharakisha kufunika kitu kwa turubai. Nimebembeleza. Amefunua upande mmoja.

Nyeusi. Usukani uko chini kuliko wa nyekundu. Kiti cha nyuma hakipo kabisa. Ameniambia niende nyumbani kwa mke wangu.

Nimetafakari sana makosa yangu, kwa unyoofu wa moyo. Nimegundua kosa lilikuwa moja: nilikwenda kwenye nyekundu bila mazoezi. Mchana wote nimekaa sebuleni nimekumbatia stuli, magoti kifuani. Si vibaya ukizoea.

Wakati wa chakula nimeshika kiuno nikaguna. Mke wangu ameuliza kuna nini. Nimesema ni mgongo, ile ya kijivu inaninyoosha kupita kiasi. Ameweka kijiko chini, akanitazama.

Naona imeanza kumwingia. Kesho nitaongeza kuchechemea.