Matanga ya Mfupa Mkubwa

Jumatano, 2 Agosti 1950

Leo nimeposa. Yaani, nimejaribu. Nimekwenda Naipingo kwa miguu, kanzu ya kuazima, mafuta kichwani, hadi kwa Mzee Bashiri, mjomba wake Biasha. Kwetu Wamwera baba husikiliza tu. Mwenye kauli ni mjomba. Akanikaribisha vizuri. Akasema hana neno baya juu yangu. Hana neno lolote juu yangu! Ameulizia habari zangu Nachingwea nzima, karakana, sokoni, msikitini, na kila alipotaja Ausi watu wakamwuliza, Ausi yupi? Hawezi kumtoa mpwa wake kwa mtu asiyejulikana hata pale anapofanyia kazi.

Mimi! Niliyeosha matrekta ya mradi wa karanga tangu siku yalipoteremshwa! Hakuna trekta lisilonijua.

Ubaya zaidi, Shaban naye ameposa. Shaban ni dereva wa trekta. Huvaa miwani yake ya vumbi hata akienda kunywa chai. Mzee Bashiri kasema atakuja mjini Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye maonyesho, atutazame wote wawili mbele ya watu, kisha akate shauri. Biasha alikuwa uani anapepeta ufuta. Alicheka. Sijui alimcheka nani.

Alhamisi, 3 Agosti

Nimeyajua hayo maonyesho. Ni ya mambo ya kale. Bwana mmoja wa serikali anakuja na vyungu vya watu wa zamani, mawe waliyoyachonga, na mfupa wa mnyama mkubwa kutoka Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba. Yatakuwa kwenye holi. Tangazo limebandikwa dukani: watu wote wanakaribishwa, hakuna kiingilio.

Na katikati ya holi, juu ya kitambaa cheupe, litawekwa shoka la jiwe. La nani? La Shaban! Plau yake ndiyo iliyolifukua. Yeye alitaka kulitupa! Nani aliliosha tope? Mimi. Sasa jina lake litaandikwa chini yake kwa wino mweusi, na Mzee Bashiri atasomewa.

Nimekaa nikafikiri. Sifa inataka watu. Pasipo na watu, shoka ni jiwe tu. Kwa hiyo watu wasije. Akili hii niliyopewa, wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Ijumaa, 4 Agosti

Asubuhi bombani, foleni ya maji. Nikasema polepole, kama mtu asiyetaka kusikika, kwamba serikali haijawahi kutoa kitu bure. Nikasema nimesikia mlangoni mwa holi atakaa karani, na kila anayeingia ataulizwa risiti ya kodi. Basi. Nikachota maji yangu nikaenda zangu.

Jioni nikapita kambini kunywa uji kwa Lusiana. Huyu ni Mngoni, mama mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti, anawapikia vibarua. Ni mtani wangu, na Wangoni hawajasahau kwamba babu zao walitupiga. Huniita mtumwa wake. Akaniuliza, we mtumwa wangu, umesikia? Wanaokwenda kutazama mifupa wasipokuwa na risiti watapakiwa lori hadi Lindi, wakachimbe mingine!

Nilipoisikia nikaogopa mwenyewe. Risiti yangu ya mwaka jana siioni.

Jumatatu, 7 Agosti

Mungu wangu! Mambo yamegeuka!

Bwana wa Mambo ya Kale amefika. Mrefu, mwembamba, ameungua jua, anazungumza Kiswahili cha heshima kupita kiasi, hata kwa mbuzi husema samahani. Alihitaji mtu wa kufuta vumbi. Msimamizi wa karakana akanitoa mimi, kwa sababu nina matambara. Tukafungua sanduku. Lahaula! Mfupa mmoja tu, umenizidi kimo! Bwana akasema ni wa mguu. Nikauliza mwenyewe yuko wapi. Akasema alikufa zamani mno, kabla ya watu wowote.

Nikaufuta vizuri, kama trekta jipya. Bwana akafurahi. Akanibandika utepe mwekundu kifuani, akasema Jumamosi mimi ndiye nitakayesimama kando ya mfupa na kuwaeleza watu, kwa Kiswahili na kwa Kimwera. Mimi! Mfupa ni mkubwa kuliko shoka mara ngapi? Shaban ana kijiwe. Mzee Bashiri ataniona na utepe, nimezungukwa na umati.

Umati gani? Wote nimewafukuza!

Jumanne, 8 Agosti

Nimeshinda mjini nikitangaza kuwa hakuna karani, hakuna risiti, hakuna lori. Hakuna aliyeniamini. Sokoni wakaniambia habari ile wameipata kwa mtu wa kuaminika. Nikawauliza mtu gani. Wakasema hawamjui.

Shaban amepita na trekta lake akanipungia mkono. Amevaa miwani. Nikajifanya nafunga kiatu. Nilikuwa pekupeku.

Alhamisi, 10 Agosti

Nikaomba ruhusa nikaenda Naipingo, angalau watu wa kwao Biasha waje. Nimefika, kijiji kitupu. Kuku tu. Nikadhani risiti imewakimbiza porini. Kumbe wako msibani, nyumba ya mwisho. Wote! Wenye kodi na wasio na kodi, waliogombana na wasiosalimiana, wamekaa mkekani pamoja. Hakuna aliyeulizwa chochote mlangoni. Msiba ni msiba, mtu anakwenda.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilikaa kwa adabu, nikangoja mpaka watu wameanza kuaga, nikasimama. Nikasema jamani, na mjini kuna matanga Jumamosi, pale kwenye holi. Marehemu alikuwa mkubwa mno.

Wakasema poleni. Wakauliza ilikuwaje. Nikasema alipotea, ndugu zake hawakujua aliko, ameonekana akiwa amekwisha fukiwa na udongo. Wanawake wakashika mashavu. Nikaulizwa ni wa dini gani. Nikasema alikufa kabla ya dini. Mzee mmoja akasema maskini, kumbe alikuwa mtoto bado, mkubwa wa mwili tu. Na mfiwa ni nani? Nikajigusa utepe. Nikasema mimi.

Sikusema uongo hata mmoja! Nimerudi nikiimba njia nzima.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika na majivu masikioni.

Walikuja. Mtume! Walikuja wote! Wanawake wamejifunga kaniki, unga vichwani. Wanaume na kuni. Mwingine na jogoo, wengine na ngoma. Vibarua wa kambini nao wakasikia, wakaja na watani zangu Wangoni, mbele yao Lusiana na mwiko wake. Bwana akasimama mlangoni machozi yanamlenga. Akaniambia mji aliotoka walikuja watu wachache, tena nusu yao walikosea mlango. Akamshukuru kila mtu kwa unga. Akaniuliza kama ni desturi. Nikasema ni desturi.

Mzee Bashiri alikaa mbele, Biasha nyuma yake. Shaban alisimama kando ya shoka lake, viatu vinang'aa.

Kisha bibi mmoja wa Naipingo akauliza marehemu yuko wapi, wamuage. Nikaonyesha mfupa.

Wakautazama. Nikaanza kueleza, mnyama huyu wa kale, na kadhalika. Mzee Bashiri akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Mwanamume mmoja akainama kwenye mzigo wake wa kuni, akachagua gogo zito. Nikajua leo nitajulikana.

Lusiana akasukuma watu akaja mbele. Akautazama mfupa juu mpaka chini. Akanitazama mimi. Akautupa mwiko, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la kupasua bati. Jamani! Mtumwa wangu amefiwa na mimi sijaambiwa! Akajitupa kwenye mfupa analia bila machozi. Nani kamla huyu akabakisha mguu? Akajijibu mwenyewe: ni babu zangu mimi! Nyama hii ndiyo waliyokula Wangoni wakapata nguvu za kuwapiga Wamwera!

Yule bibi wa Naipingo naye hakukubali. Akajibu, hamkumla, mlimkimbia! Ndiyo maana mlikuja mbio toka kusini, mkafika hapa mnahema!

Holi lote likapasuka kicheko. Ngoma zikaanza. Nikashusha pumzi. Nikafurahi mapema.

Kwa sababu sasa ulikuwa msiba kamili, na msibani watani wana haki yao. Wakafunga mlango kwa mchi, kwamba mfupa hautazamwi mpaka mfiwa akombolewe. Mfiwa mimi! Wakanipaka majivu. Wakanifunga mikono kwa kaniki. Wakanilaza kwenye sanduku la mfupa, juu ya nyasi, na Lusiana akawaambia watu waje kumuaga marehemu wa pili, huyu mdogo, asiyefaa hata kwa supu. Watu wakapita kwa mstari. Kila mmoja akauliza jina. Akaambiwa ni Ausi. Akasema buriani Ausi.

Wallahi nilitaka kuwatukana wote. Kinywa kilikuwa kimejaa majivu.

Nje wakawasha moto wa ugali. Kuni zilikuwa nene. Lusiana akaingia anatafuta kabari, akaona shoka la jiwe juu ya kitambaa cheupe, akalibeba. Akalisimamisha kwenye gogo, akaligonga kwa mchi. Gogo likapasuka mara moja! Shangwe!

Shaban akawaka. Akavua miwani, akafoka kwamba hilo ni shoka lake, lina jina lake, ni mali ya serikali, na mwanamke huyu ni mwendawazimu, na washenzi wote wampishe. Ngoma zikakoma. Watu wakasema eee! Kumkasirikia mtani! Msibani! Mbele ya wakwe! Hapohapo akatozwa: watani wakamchukulia miwani yake. Lusiana akaivaa, akarudi kusonga ugali, moshi haumwingii machoni.

Na Bwana? Alikuwa amepiga magoti vumbini kando ya gogo, anacheka kama mtoto. Akasema maisha yake yote ameyapanga mashoka hayo mezani, hajapata kuona moja linafanya kazi. Akaomba samahani, akaomba mchi, akaomba kujaribu. Akagonga. Watu wakamshangilia, wakampa ugali wa kwanza.

Bibi wa Naipingo akanikomboa kwa yule jogoo. Tukacheza mpaka jua likazama. Niliposimama kwenye sanduku, Biasha alikuwa amekaa chini, hawezi kusimama kwa kicheko. Safari hii najua alimcheka nani.

Jumapili, 13 Agosti

Nimeitwa Naipingo! Nimekwenda nikijua naenda kufukuzwa. Nilitayarisha maneno ya kujitetea, yote nimeyasahau.

Mzee Bashiri akaniambia hivi. Mjini alikwenda kutazama waume wawili. Mmoja amechezewa na watani kidogo tu, akatukana watu. Huyo siku ya msiba wa nyumba hii atawafukuza wazikaji. Mwingine amepakwa majivu, amefungwa, amelazwa sandukuni, hakutoa neno. Mtu mwenye moyo mpana namna ile hajamwona siku nyingi.

Sikumweleza habari ya majivu kinywani. Hakuniuliza.

Akasema na kujulikana, sasa najulikana mno. Njia nzima ameulizwa habari za Ausi mfiwa. Basi amekubali.

Amekubali! Nilitaka kumbusu mkono nikambusu kiwiko!

Biasha ameomba kusema na mimi uani, shangazi yake akiwa karibu. Hakucheka. Akasema anajua ni mimi niliyezua habari ya risiti, kwa maana siku ile shangazi huyuhuyu alikuwa mjini, kwenye foleni ya bomba, na ndiye niliyemnong'oneza. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Biasha akasema atakaa na mtu anayemchekesha, hilo anataka. Lakini uongo hapana. Siku nikizua jambo lingine, hata dogo, anakunja mkeka wake anarudi kwa mjomba wake, na asimwone mtu akimfuata.

Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote. Nimerudi mjini mwepesi kabisa, natembea nacheka peke yangu. Nampenda yule mtoto wa watu. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Jumatano, 16 Agosti

Harusi ni mwezi ujao, siku ya Ijumaa. Furaha tupu. Taabu ni chakula. Naipingo nzima itakuja, na kambi yote, na Lusiana peke yake anakula kama kijiji.

Leo sokoni wamenifuata wazee kutoka Marambo. Wamekasirika. Wanasema msiba mkubwa vile na wao hawakupelekewa habari, wameonekana kama watu wasio na ubinadamu. Angalau waambiwe arobaini ni lini.

Nilifungua mdomo niseme hakuna arobaini. Kweli nilifungua. Ukweli ulikuwa umefika kwenye ulimi kabisa. Lakini wazee wale walikuwa na huzuni, na Marambo wanalima mpunga mzuri. Nikawatajia ile Ijumaa. Nikasema waje kwa wingi, na kila mtu na mchele wake, wenye mbuzi wasiwaache nyumbani.

Wakashukuru. Wakauliza kama marehemu aliacha mtoto. Nikasema ameacha mmoja, tena siku hiyohiyo ndiyo anaoa.

Biasha nitamweleza watu wakishashiba.