Nishikie Mara Moja

Redio ya mfugaji Koinet ndiyo iliyochokoza. Tulikuwa kwa Mzee Wensi muuza kahawa, hapa Mikumi kando ya barabara kuu, ikatangaza kwamba mahali ambapo watu wanaacha kazi kila kukicha, wanaobaki huugua msongo wa mawazo.

"Watakuwa wamemhoji Baki hao!" akadakia Lightness wa chipsi.

Baki ni jina tulilompa Doto, mhudumu wa loji moja hapa mjini, aliyekuwa anakunywa kahawa nasi. Wenzake wote wameondoka, kabaki yeye. Funguo kaning'iniza kiunoni, akitembea utadhani ng'ombe wa Koinet mwenye kengele.

"Kila anayeondoka ananiambia, 'Doto, nishikie mara moja, nakuja,'" akalalama. "Mpishi kaniachia jiko, mlinzi kaniachia geti. Sasa napokea oda, nakwenda kupika mwenyewe, halafu narudi kumwomba mgeni radhi: mpishi wetu mzembe!"

"Bosi anasemaje?" akauliza Mzee Wensi.

"Eti sisi ni familia."

"Familia gani, kila mtoto anatoroka!" Lightness akapiga paja.

"Anasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi."

Koinet akapunguza sauti ya redio. "Kwetu akitoroka ng'ombe mmoja, tunamlaumu ng'ombe. Wakitoroka wote, tunakagua zizi."

"Jamani, silali," akasema Doto. "Jana nimeliambia friji shikamoo."

Tukaangua kicheko. "Likaitikia?"

"Lilinguruma. Mimi nikasikia marahaba."

Hapo kicheko kikakatika. Nikamwonea huruma kwelikweli.

"Mwanangu, huo sasa ni ugonjwa," akasema Mzee Wensi. "Acha kazi."

"Nitaachaje, mzee? Pale anayeondoka anamkabidhi anayebaki. Mimi nimkabidhi nani?"

Simu yake ikaita. Bosi. Doto akainuka kama aliyechomwa mwiba. Mzee Wensi naye akainuka, sukari imemwishia.

"Doto, kabla hujaenda, nishikie birika mara moja, nakuja."

Lightness akaziba mdomo. Doto akalitazama birika, akamtazama mzee, akaanza kufungua funguo kiunoni taratibu. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nikayaona meno yake.

"Sawa, mzee. Ila wewe kwanza nishikie hizi."

Ng'ambo basi la Morogoro lilikuwa linapakia. Akavuka mbio.

"Nakuja!" akatupungia dirishani.

Mzee Wensi akatugeukia, funguo mkononi, akafungua mdomo. Kijiwe kizima kilikuwa kimeshatawanyika.