Bwana, Gari Limefika

Jumatatu, 4 Mei

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba kwa heshima zote: likae kifuani mwako. Usimsomee mkeo, wala mwenzako wa ofisini. Hasa mwenzako wa ofisini. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye majaribio. Tarehe 18 Karani Mkuu atasaini barua ya kunithibitisha kazini, au hataisaini. Neno moja likivuja, hataisaini.

Siri yenyewe: nimekuwa mwigizaji.

Chanzo ni Shangazi. Ni mshonaji, naishi kwake, na katika kikundi cha maigizo yeye huwa Mjane kila mwaka, hata kwenye mchezo usio na mjane. Alisema nitoke kidogo nipate damu usoni. Nimepewa nafasi ya Mtumishi. Naingia na sinia lenye glasi nne, nasema, "Bwana, gari limefika," natoka.

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara mbili.

Kinyozi anaigiza Daktari. Ana mistari arobaini na sita. Kashaanza kuniita Bwana Sinia. Leo kaniuliza kama nimekariri sehemu yangu au niongezewe wiki. Wote wakacheka. Shangazi, damu yangu mwenyewe, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 6 Mei

Nimemwomba Mwalimu aniongezee maneno. Ni mwalimu mstaafu, ndiye anayetuongoza, na filimbi yake ya shule bado iko shingoni. Akasema kwanza nijifunze kubeba sinia. Nimevuka jukwaa mara ishirini. Mara ya ishirini akasema sasa angalau natembea kama mtu aliyeiba glasi zake mwenyewe.

Halafu akanikabidhi mswada. Nakala ni moja tu, imechakaa, na mimi ni karani: niwachapie wote nakala safi. Mwandishi hakuna anayemjua. Hutuma kazi zake kwa posta na kujiita Mpenda Haki. Mwishoni ameandika kwa wino mwekundu: isiongezwe herufi, isipunguzwe herufi.

Nimempenda mtu huyu. Maonyesho yake yana namba, 1.1, 1.2, kama waraka. Mjane akimlilia marehemu mumewe anasema, "Rejea ahadi yako ya tarehe tano." Mtu wa aina yangu kabisa.

Ijumaa, 8 Mei

Nachapa ofisini, saa ya chakula. Karani Mkuu hula peke yake, mlango umefungwa, dakika arobaini kamili. Hatari ni viatu vyake. Vina soli za mpira. Humsikii mpaka anapopumua kisogoni mwako. Kila barua anayokupa uchape huisindikiza kwa maneno yale yale: "Usiongeze, usipunguze."

Nimefika ukurasa wa kumi na mbili. Bwana, gari limefika. Vidole vikakataa kusimama. Naapa ni vidole. Viliandika kwamba Mtumishi alilelewa katika nyumba hii. Basi. Lakini mtu aliyelelewa alikuwa na mama, nikaona ni haki mama naye atajwe. Alikuwa mpishi. Alikuwa na kifua kibovu. Daktari alikataa kumtibu.

Dakika arobaini zilipoisha nilikuwa na mistari kumi na minne, na kwenye ukurasa wa kumi na tano Daktari anapiga magoti mbele ya Mtumishi na kumwomba radhi.

Najua ni kosa. Lakini ni kazi nzuri.

Jumanne, 12 Mei

Mashine ilikuwa inatoa karatasi. Pumzi kisogoni. Karani Mkuu alinyoosha mkono, akachukua ukurasa wa tatu. Ahsante Mungu, wa tatu sikuugusa. Akausoma wote, midomo ikicheza. Moyoni nilikuwa nimeshafunga sanduku langu.

Akauliza ni wa nani. Nikasema ni wa shangazi yangu. Akauliza kama kweli watu watausimamisha jukwaani. Nikasema Jumamosi, saa tisa alasiri. Akakohoa. Akaniagiza nichape pande zote mbili za karatasi, akaenda zake. Mlangoni alisimama kitambo, kanipa mgongo. Bila shaka alikuwa anajumlisha makosa yangu.

Nyumbani, balaa jingine. Shangazi kabadilisha shuka, kakuta mswada chini ya godoro, kaulinganisha na nakala yangu mstari kwa mstari. Nilingoja kofi. Badala yake alinitazama kwa huzuni kubwa.

"Mwanangu, umejiongezea peke yako? Na mimi ndiye niliyekupeleka?"

Anataka kilio. Ukurasa mzima, mbele kabisa, uso kwa watazamaji, na Daktari akae kimya muda wote. La sivyo anakwenda kwa Mwalimu. Nimempa ukurasa na robo.

Alhamisi, 14 Mei

Mazoezi ya mwisho. Mwalimu alishangaa mchezo umenenepa, lakini akasema nakala safi ndiyo nakala. Kinyozi aligoma kupiga magoti. Alisema hata kwa mkewe hajawahi. Mwalimu akapuliza filimbi: imeandikwa, piga.

Alipiga. Nilimwacha pale chini muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

Mnadi, ambaye kazini hunadi mali kwa sauti ya kubomoa ukuta, ndiye Bwana. Baada ya mistari yangu kumi na minne alinishika bega akasema kijana ana kitu. Nimerudi nyumbani bila kugusa ardhi.

Jumamosi, 16 Mei

Mwandishi amekuja.

Mwalimu alituambia nyuma ya pazia, dakika mbili kabla. Kajitambulisha mlangoni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Safu ya mbele, tai nyekundu. Nikachungulia.

Nilivitambua viatu kwanza: soli za mpira.

Nikarudi nyuma ya pazia. Shangazi alichungulia baada yangu, akauliza ni nani yule. Nikamwambia ndiye barua yangu ya Jumatatu. Akanisukuma jukwaani kwa mikono yote miwili. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kunitia moyo.

Nilisema, "Bwana, gari limefika."

Nikasikia filimbi ndani ya kichwa. Mistari kumi na minne haikuwepo. Hata mmoja. Nilichokuwa nacho ni sinia, na glasi nne zikigongana kama meno ya mtu mwenye homa. Ukumbi mzima ulizisikiliza.

Mnadi hawezi kustahimili kimya, kazi yake haimruhusu. Akanguruma: kumbe nililelewa katika nyumba hii? Nikaitikia kwa kichwa. Na mama yangu alikuwa mpishi? Kichwa. Na alikuwa na kifua? Glasi zikajibu zenyewe. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaambukiza safu yake.

Kinyozi akaingia. Amekariri kupiga magoti, akapiga magoti. Akamwomba radhi mtumishi ambaye hajamshtaki kwa lolote. Akalia machozi ya kweli. Watu walishikana mabega. Shangazi naye hakungoja zamu, akaja mbele na ukurasa wake na robo, akampita Kinyozi, akamkanyaga kidole, akaendelea kulia kwa sauti juu ya sauti yake.

Mimi nilisimama palepale. Sinia bado mkononi. Karani Mkuu hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye kijitabu.

Jumatatu, 18 Mei

Ameniita saa mbili na dakika tano. Barua iko mezani, kalamu juu yake. Kijitabu pembeni. Nilikuwa nimeandaa ungamo la kurasa mbili, lenye namba.

Alisema mchezo wake umechinjwa. Mnadi kabwabwaja. Kinyozi kajipigisha magoti. Yule mama alilia mpaka mume akafa mara ya pili. Kila mmoja kaongeza. Kati yao wote mtu mmoja tu alisema kilichoandikwa, akanyamaza. Maneno matatu. Na zile glasi, akasema, hakuziandika yeye, lakini angetakiwa kuziandika.

Nikalikunja lile ungamo. Nikalirudisha mfukoni.

Akasaini.

Kisha akafungua droo, akatoa mswada wa pili. Nimchapie, maana sasa amepata mtu wa kuaminika. Usiongeze, usipunguze. Nikasema ndiyo, mkuu, kwa sauti ya mtu mwaminifu sana.

Saa ya chakula. Mlango wake umefungwa. Ukurasa wa tisa kuna Bawabu. Anasema, "Pita." Neno moja. Bawabu amesimama mlangoni miaka thelathini, na neno moja? Nimempa mke. Amekuwa na ndoto ya kusafiri. Nimemdokezea Shangazi kwa simu; kashauliza kama kuna mjane, na Kinyozi, ambaye mtaani sasa wanamsifu, anataka apige magoti mara mbili.

Ukitaka kunipata, wewe uliyeliokota daftari, usipige simu. Njoo masjala, dirisha la pili, kabla ya saa saba na nusu. Useme unaulizia faili la Bawabu. Nikijibu kwa neno moja, Karani Mkuu yuko nyuma yangu: ondoka, rudi kesho. Nikianza kukueleza habari za mama yangu mpishi, vuta kiti.