Sekenke na Chupa ya Alizeti

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika kaka zangu wanne na madereva tisa. Nimepita njaa mbili, na yule mganga wa zahanati aliyeniambia mwaka 1983 nijiandae. Yeye ndiye alijiandaa, mimi nipo.

Leo kidogo niwafuate! Gari langu ni la Mwingereza, la wazi, viti viwili, jekundu pale palipobaki rangi. Niliachiwa na mhandisi wa madini kwa utumishi wangu bora. Nashuka mtaa wa Utemini, nakanyaga breki, mguu unaenda mpaka chini. Kama kukanyaga uji! Nikasimamishwa na ua wa Mama Severina, katibu wa klabu yetu ya magari ya Kiingereza. Akatoka na mwiko mkononi, akauliza, Mzee Sostenes, kulikoni? Nikamwambia nilikuwa napima ua wake. Ni dhaifu. Akanishukuru.

Mimi ndiye Mkuu wa Usalama wa klabu. Mtu asijue.

Jumanne, 9 Julai

Mkutano wa safari ya Jumamosi. Nikapendekeza ziwa Singidani. Tambarare, upepo, samaki. Nilisema vizuri sana.

Melkiori akakataa. Huyu ndiye mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, anavaa tai hata akilisha kuku. Akasema tushuke mlima Sekenke mpaka Shelui, tule nyama, turudi. Halafu kwa sauti ya darasani akasema Mzee Sostenes ametusimulia mara mia jinsi alivyoshuka Sekenke mwaka sabini na moja, kwa gari hilihili, bila kugusa breki. Basi atangulie, sisi wanafunzi tumfuate. Wakapiga makofi! Na mimi nikapiga, mikono ilijiendea yenyewe.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Mwaka sabini na moja aliyeendesha ni mhandisi. Mimi nilikuwa nimejikunja chini ya kiti, kofia usoni.

Desturi ya klabu: nusu ya magari hubaki nyumbani, tunapanda wawili wawili, na kila dereva anatoa jina la abiria wake kwenye kofia. Mwandishi wa majina mimi. Jina la Melkiori nikaliandika kwenye kipande cha boksi, nilitambue kwa kidole. Kama ni kufa, tufe naye. Mama Severina akasema mwandiko wangu hausomeki hata na aliyeuandika. Akaandika upya yote kwenye karatasi laini.

Nikatoa Naftali.

Naftali! Tumechunga wote. Ndiye mtu pekee aliyebaki anayenikumbuka nikiwa na meno. Akanikumbatia mbele za watu, akasema kwa dereva kama wewe mimi nitasinzia njia nzima.

Jumatano, 10 Julai

Kwa fundi Benson siwezi kwenda, ni shemeji yake Melkiori na mdomo wake hauna kifuniko. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki mwenyewe. Kikavu.

Nikafikiri. Gari linataka mafuta. Singida nzima msimu huu inanuka mafuta. Nikachukua jikoni chupa ya alizeti ya Selina, mke wangu, iliyokamuliwa wiki hii hii. Nikajaza. Nikakanyaga mara arobaini. Breki ikapanda juu, ngumu kama mawe ya Singida! Waingereza wamesoma miaka yote ile, hili hawakuliona.

Selina akauliza chupa yake iko wapi. Nikasema paka. Akasema, Baba Jenipher, paka anafungua kifuniko? Nikamwambia hawa paka wa siku hizi.

Lakini usiku nimerudi kuikanyaga mara kumi nyingine. Ikishuka tena, nikiwa katikati ya kona, na Naftali amesinzia?

Alhamisi, 11 Julai

Mpango wa homa. Nikalala chini ya mablanketi mawili, nikakohoa kiume. Naftali akaja na asali ya Itigi, akaninywesha kwa kijiko kama mtoto. Akasema nisihangaike kwenda. Ila nijue tu kwamba Melkiori amekwishatangaza sokoni kuwa Sostenes ataugua Alhamisi.

Nikapona saa hiyohiyo.

Ijumaa, 12 Julai

Ukaguzi. Nikayaangusha magari yote, hata yanayobaki nyumbani! La Melkiori: kioo kina vumbi. La Mama Severina: honi inalia kwa huzuni. Nikatangaza hakuna safari, roho za watu kwanza. Nilikuwa karibu kucheka.

Melkiori akauliza la mkaguzi anakagua nani. Nikasema mkaguzi. Akauliza limefaulu? Ningesemaje, na Mama Severina ananitazama? Limefaulu. Akasema basi vizuri, lililofaulu litangulie. Akavua tai, akafutia kioo.

Imekwisha. Nimesali sala zote ninazozijua. Zote mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Tukaondoka, mimi mbele. Naftali pembeni yangu, mkoba mapajani. Hakusinzia.

Mpaka Iguguno sikugusa breki. Hapo ng'ombe wakavuka, nikakanyaga. Ikashika! Ila kuachia haikuachia vizuri. Gari likawa zito, kama kuna watu wanalivuta kwa nyuma. Karibu na Misigiri harufu ikaanza. Harufu ya maandazi! Mama wa genge akaja mbio na sahani kuuliza tunauza ngapi. Mbwa wawili wakatusindikiza hadi nje ya mji. Naftali hakucheka. Mtu ambaye hucheka hata msibani.

Kisha kile kibao cha mteremko. Barabara inazama. Wembere kule chini, malori kama punje za mtama. Usukani ulikuwa umelowa jasho la mikono yangu. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa, nikasema, Naftali ndugu yangu. Na mguu ukagusa breki, kidogo tu.

Gari likakaa! Kama punda. Haliendi mbele, halirudi nyuma, moshi mweupe kila gurudumu. Klabu nzima ikasimama nyuma yetu. Melkiori akaja akipaza sauti: ameogopa! Si niliwaambia? Bingwa wa Sekenke ameogopa kibao!

Naftali akashuka. Akakaa kwenye majani. Akasema mbele ya wote kwamba tangu Jumanne hajala. Dada yake alifia kwenye kona ya pili pale chini, na yeye tangu siku hiyo hajaupita mlima huu. Hakutaka kuniaibisha kwa kukataa. Akafungua mkoba. Biblia, na ndani ya Biblia wosia. Mimi nimeachiwa koti lake la sufu.

Akanishika mkono. Akasema, Sostenes, wewe ulijua ninavyoogopa, ndiyo maana umesimama.

Pale ndipo palikuwa pa kusema kweli. Mama Severina anafuta macho. Mimi mwenyewe macho yalikuwa yanawasha, vumbi.

Nikasema: ndiyo, nilijua.

Lori likalivuta gari langu mpaka Misigiri, tukala nyama hapo hapo, tambarare. Melkiori alinipa paja kwa mkono wake mwenyewe. Nililimaliza mpaka mfupa.

Jumatatu, 15 Julai

Fundi Benson amefungua magurudumu. Akaniita. Akasema, shikamoo babu, sasa naomba nikugombeze. Raba zote za ndani zimevimba kama maandazi, zimebana breki. Akasema zingechelewa kidogo tu kuvimba, zingebana katikati ya kona, na Shelui tungefika bila kupitia barabarani. Mafuta ya kupikia ni ya kupikia, babu, nakuomba sana.

Wivu! Kitu kimesimamisha gari juu ya Sekenke, mahali penyewe, dakika yenyewe, na fundi anakiita kosa. Mafuta ya breki ya dukani yangetupeleka chini sote.

Selina amefungia alizeti sandukuni. Si neno, nimepata dumu zima kwa jirani. Kama Mkuu wa Usalama nimeamua klabu yote itumie. Nimeanza na Naftali. Mtu aliyeniachia koti nimpe nini kingine? Leo asubuhi nimeyamwaga yale ya dukani kutoka kwenye gari lake, nikamjazia alizeti kwa mikono yangu, maana alikuwa anakwenda Nduguti kumwona binti yake. Akauliza ni nini kinanukia. Nikamwambia ni usalama. Akanipungia mkono mpaka akapotea.

Yote niliyoandika ni kweli tupu. Asiyeniamini amuulize Naftali, akirudi.